Somo: Zamu ya usiku idara ya dharura, usibebe wagonjwa kichwani

Habari za kazi, ndugu zangu. Somo hili niliwaahidi tangu mvua zilipoanza. Mlioko Tabora mnajua, mvua zikikolea watoto wenye homa hujaa mabenchi mpaka nje. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wetu ukiongoza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto walio chini ya miaka 5, takriban asilimia 23. Juu ya hao waongeze majeruhi wa bodaboda, mama mwenye kifafa cha mimba, na mkulima aliyegongwa na nyoka shambani.

Nina miaka 11 kwenye dharura. Wingi wa wagonjwa unachosha mwili, na mwili ukilala unarudi. Kinachotuvunja ni kuwabeba wote kichwani kwa saa 12: huyu anasubiri damu, yule kanula yake (kimpira cha kwenye mshipa) imevimba, wa pembeni presha yake irudiwe. Somo zima ni namna ya kuwatua.

Hatua ya 1: Fika mapema, ushike vitu kwa mkono. Robo saa inatosha. Fungua mtungi wa oksijeni uone mshale unasoma wapi, na spana yake iwepo. Minya ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua. Washa glukomita, kipima sukari ya damu, uhesabu stripu zake. Kisha pokea ripoti kitandani kwa mgonjwa, mkiwa mnamwangalia wote wawili. Ripoti ya mezani huficha mengi.

Hatua ya 2: Rangi kwanza, foleni baadaye. Kila mgonjwa mpe rangi kwa uzito wa hali yake: nyekundu anaonwa sasa hivi, njano anafuata, kijani anasubiri. Wanaotumia mfumo wa Afrika Kusini wana rangi ya chungwa pia, ndani ya dakika 10, na njano ndani ya saa 1. Mfumo wowote mlio nao, rudia kuwapitia wanaosubiri. Mtoto aliyeingia kijani akicheza saa 2 usiku anaweza kuwa anadegedeka saa 4.

Hatua ya 3: Plasta ya pajani. Hapa nitakaa kidogo, maana nilijifunza kwa uchungu. Usiku mmoja, kituo nilichokuwa zamani, nilimpa mtoto mwenye malaria kali glukosi ya asilimia 10 baada ya sukari yake kushuka. Nilitakiwa kupima sukari tena baada ya nusu saa. Nikajiambia nitakumbuka. Ikaingia ajali, watu wanne, damu kila mahali. Aliyenikumbusha ni mama yake, alinivuta mkono wa gauni taratibu akasema, "Sista, amelegea tena." Sukari ilikuwa imeshuka upya. Tulimwahi, akapona, lakini ule mvuto wa mkono ninao hadi leo.

Tangu siku hiyo nakata plasta pana, urefu wa kiganja, nabandika kwenye paja la suruali ya kazi. Naandika kitanda, kitu na saa, basi: "K4 sukari 5:40." "K7 artesuneti ya pili 2:00 asbh," kwa sababu dozi ya pili ya sindano hiyo ya malaria kali ni baada ya saa 12, na huyo nitamkabidhi kwa wa asubuhi. Nikimaliza nakata mstari. Jina la mgonjwa siandiki, na plasta naitupa kwenye taka za hospitali kabla ya kutoka. Faili linabaki kuwa faili. Plasta ni ya kunishtua tu.

Hatua ya 4: Sema, urudiwe. Ukiagizwa dawa, itamke tena na kipimo chake kabla ya kuivuta kwenye sindano. Ukimtuma mtu, mwite kwa jina. "Jamani mtu alete damu" haileti damu.

Hatua ya 5: Ndugu wa mgonjwa. Chagua mmoja wa kuzungumza naye, mwamkie, mpe neno kila hali inapobadilika. Mzee ukimwamkia kwa lugha ya kwao, "mwangaluka", kukipambazuka, analegea mabega. Kelele nyingi za korido ni hofu ya kutoambiwa.

Hatua ya 6: Pumzi ya kitakasa mikono. Kupaka kitakasa vizuri kunachukua sekunde 20 hadi 30, na lazima upake kati ya mgonjwa na mgonjwa. Zitumie hizo hizo: vuta hewa kwa pua, itoe polepole kwa mdomo mara tatu, shusha mabega. Maji kunywa. Mimi hubeba matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga, maana yanakaa tumboni na hayahitaji kupashwa moto.

MASWALI

*Daktari tarajali, Nzega:* Shikamoo sista. Nikiitwa vitanda vitatu kwa mpigo naganda kabisa.

Marahaba, mwanangu. Uliza swali moja kwa sauti: "Nani hapumui vizuri?" Nenda huko. Njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, kwa mpangilio huo huo kila mara. Na mwite mkubwa wako mapema, usingoje uwe na jibu ndipo umwite.

*Muuguzi, Urambo:* Sisi usiku niko peke yangu na mhudumu mmoja. Hizo rangi nampangia nani?

Pole mdogo wangu, najua hali hiyo. Mfundishe mhudumu ishara chache za hatari: anayedegedeka, asiyeamka, anayehema kwa shida, anayetoka damu nyingi. Akimwona, aache kila kitu akuite. Na piga simu ya rufaa gari lingali na mafuta na barabara ingali inapitika. Mzigo wa mtu mmoja kufanya kazi ya watatu hautibiwi na pumzi. Uandike kwenye kitabu cha ripoti kila zamu, na idadi ya wagonjwa, ili mganga mfawidhi awe na cha kupeleka juu.

*Muuguzi, Kasulu:* Dada, mtoto akifia mikononi mwangu na kitanda cha pili wananiita, nafanyaje?

Unaenda, lakini si hapo hapo. Mfunike mtoto vizuri, mshike mama bega, sema pole. Hiyo ni dakika moja, usiinyime. Asubuhi, kabla ya kuvua gauni, kaeni mliokuwepo dakika tano, kila mmoja aseme alichokiona, bila kutafuta wa kulaumiwa. Ukifika nyumbani wiki inapita hulali, au unamsikia bado, nenda kwa mtaalamu wa afya ya akili hospitalini kwenu kama mgonjwa mwingine yeyote. Mimi nilikwenda, mara tatu.