Namna ya kupima kinachowasaidia wanafunzi wako kujifunza, kwa chaki, karatasi na kipimajoto

Mkondo wa mchana ukipata alama za chini kuliko mkondo wa asubuhi, lawama huwa tayari: mwalimu hafundishi, au watoto ni wavivu. Lakini mkondo wa mchana unasoma chini ya bati lililokwisha kupata moto, watoto wengi wameshinda chuo cha Kurani asubuhi yote, na wengine wamefika hawajala. Mambo manne matano yamechanganyika na hakuna anayejua lipi linaumiza zaidi. Kazi ya utafiti wa darasani ni kuyatenganisha, moja baada ya jingine, na mwalimu wa Wete au Makunduchi, huku kwetu Zanzibar, anaweza kuifanya bila maabara.

Mweleze kwanza mwalimu mkuu unachotaka kufanya, na kamati ya skuli ijue kwamba utakusanya alama za watoto. Kila mtoto mpe namba, na orodha ya majina uiweke mbali na karatasi za alama. Ukitaka kwenda skuli nyingine au kuchapisha matokeo, kuna kibali cha utafiti cha Serikali, kiombe mapema.

Chumba kabla ya mbinu

Hakikisha kwanza kwamba watoto wanakuona na wanakusikia. Ukiruka hatua hii utadhani unapima mbinu ya kufundisha, kumbe unapima dawati alilokalia mtoto.

Kuona ni rahisi. Jicho zima husoma herufi ya karibu milimita 9 kutoka mita 6, lakini mtoto hawezi kukodoa macho kutwa. Kwa dawati la nyuma lililo mita 8, herufi ziwe na kimo cha sentimita 3 hadi 4. Andika tarakimu 10 zisizo na mpangilio, kila mtoto azinakili akiwa mahali pake, kisha chora ramani ya viti na utie alama penye makosa. Makosa yakikusanyika upande mmoja wa chumba, tatizo ni mng'ao wa dirisha au ubao uliochakaa. Ubao upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Makosa yakimfuata mtoto hata baada ya kumhamishia mbele, mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho.

Kusikia kunahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtoto aliyekosa hukisia na akapatia. Tumia maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu: pua, bua, tua, dua, kua, fua, vua, zua, jua, chua. Yasome kwa sauti yako ya kawaida ukiwa umeziba mdomo kwa karatasi, bila kurudia, na kila mtoto aandike alichosikia. Siku iliyotangulia, soma maneno hayohayo kwa mpangilio mwingine kwa vikundi vidogo, ukisimama mita 2 kutoka kwao. Anayekosa hata kwa karibu ana tatizo la kuandika au la masikio. Anayepatia kwa karibu na kukosa akiwa nyuma ya darasa anaonewa na chumba. Bila kipimo hicho cha karibu, matokeo hayana maana.

Msilione hili kuwa dogo. Mwaka 1975, Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha utafiti wa skuli moja ya New York iliyo kando ya reli ya juu. Kusoma kwa watoto wa upande wa treni kulikuwa nyuma ya wenzao wa upande wa pili, jengo lilelile, na kelele ilipopunguzwa baadaye pengo likaondoka. Kwetu treni hakuna, lakini kuna mvua ya masika juu ya bati, ambayo hakuna mwalimu anayeishinda kwa koo. Weka tayari kazi ya kuandika ya dakika 20 kwa siku hizo, kuliko kupiga kelele ambazo safu mbili tu zinazisikia.

Joto lipime kwa kipimajoto kilichoning'inizwa kama mita 1 kutoka sakafuni, palipo kichwa cha mtoto aliyekaa, mbali na ukuta na jua. Soma saa 2, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10, kwa wiki mbili. Utafiti wa Jisung Park na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba katika skuli zisizo na viyoyozi, mwaka wa masomo ukiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Farenhaiti, sawa na nusu nyuzi ya Selsiasi na kidogo, yale wanayojifunza wanafunzi mwaka huo hupungua kwa kiasi cha asilimia 1. Dari husaidia kuliko feni inayozungusha hewa ya moto, mradi kuwe na tundu la kutolea hewa kati ya dari na bati. Kama fedha za dari hazipo, badilisha ratiba: hisabati iwekwe saa ambayo kipimajoto chako kimeonesha ni nafuu. Kwa mkondo wa mchana mara nyingi hiyo ni saa ya mwisho, wakati jua limeshapungua ukali, ingawa watoto nao wamechoka. Ndiyo maana kisiachiwe kipimajoto peke yake kuamua.

Kupima mbinu

Chukua swali moja tu. Mfano mzuri wa kuanzia: kwa kukumbuka maana ya maneno ya Kiingereza, ni bora darasa lisome tena kwa pamoja, au kila mtoto ajaribu kukumbuka mwenyewe? Andaa maneno 16 mapya, uyagawe nusu kwa nusu kwa kura: orodha ya Alif na orodha ya Be. Unahitaji madarasa mawili, tuseme 4A na 4B, ya mkondo mmoja.

1. Siku ya 1, fundisha maneno yote 16 kama kawaida, dakika 20, madarasa yote mawili.
2. Siku ya 2, katika 4A, orodha ya Alif ifanyiwe zoezi la kukumbuka: ubao umefutwa, mabuku yamefungwa, unataja neno, kila mtoto anaandika maana, kisha unatoa jibu papo hapo. Dakika 10. Orodha ya Be isomwe tena kwa sauti na darasa zima, dakika 10 vilevile.
3. Katika 4B geuza: Be kwa kukumbuka, Alif kwa kusoma tena.
4. Siku ya 9, bila kuwatangazia, wape maneno yote 16 yakiwa yamechanganywa.

Kule kugeuza ndiko kunakoufanya utafiti uwe utafiti. Ikiwa Alif ni nyepesi kuliko Be, au 4A ni hodari kuliko 4B, pande zote mbili zinapata faida na hasara sawa.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kupima siku hiyohiyo. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliosoma mara ya pili walikumbuka asilimia 81 na waliojaribu kukumbuka asilimia 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Mwalimu aliyepima mapema angeichagua mbinu dhaifu kwa moyo mweupe kabisa. Kuitikia kwa pamoja kuna hatari hiyo hiyo, kwani sauti kubwa ya safu ya mbele huficha watoto ambao midomo yao inafuata tu.

Usahihishaji wabadilishane walimu wawili, karatasi ziwe na namba bila jina.

Kisha hesabu. Kwa kila mtoto toa alama za orodha aliyosoma tena kutoka alama za orodha aliyojaribu kukumbuka. Waliopata sawasawa waweke kando. Waliobaki wakiwa 20, angalau 15 wanapaswa kuwa upande mmoja ndipo useme kuna tofauti. Wakiwa 30, angalau 21. Wakiwa 40, angalau 27. Chini ya hapo huenda ni bahati tu.

Usiishie kwenye wastani. Wapange watoto makundi matatu kwa alama za muhula uliopita, uangalie kila kundi. Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin waligundua Kenya kwamba kugawa vitabu vya kiada hakukupandisha wastani wa alama. Walionufaika ni wale waliokuwa tayari mbele, kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza na wengi hawakuweza kuvisoma. Mbinu inayowainua hodari peke yao si ya kushangilia.

Jihadhari pia na kalenda. Ukianzisha mbinu wakati wa joto la kaskazi na kupima wakati wa kipupwe, sifa atapewa mwalimu kumbe ni hali ya hewa. Usianze jaribio likaingia Ramadhani katikati, na kwa Pemba tazama msimu wa karafuu, mahudhurio yanapopungua. Mtoto aliyekosa siku ya 2 au ya 9 aondolewe kwenye hesabu, na idadi ya walioondolewa iandikwe.

Swali la pili la kujaribu linaweza kuwa muda wa kungoja jibu. Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alikuta walimu wa Marekani wakingoja kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Walipofikisha 3, majibu yakawa marefu na waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Acha simu irekodi kipindi kimoja, ukahesabu mwenyewe.

Jaribio likitoa jibu, lirudie kwa mada nyingine na walimu wakibadilishana madarasa. Likienda upande uleule mara ya pili, wapelekee wenzako karatasi yenye hatua, idadi ya watoto na namba za pande zote mbili, pamoja na yale yaliyokwenda kombo.