Jinsi ya kuomba matokeo rasmi ya uchaguzi ya jimbo la Marekani bila kupigwa danadana

Nimetumia miezi mitatu na dola 54 kupata karatasi ambazo ningezipata kwa wiki moja bila kutoa hata senti. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: kura za Novemba 5, 2024 kituo kwa kituo, na idadi ya waliojitokeza, katika kaunti chache zenye wahamiaji wengi kutoka kwetu. Kama wewe ni mwanafunzi, mwandishi, au chama chenu cha jumuiya kimekutuma utafute takwimu hizi, soma hapa kabla hujaandika barua pepe ya kwanza.

Kwanza futa akilini ile picha ya mwenyekiti wa tume aliyeketi mbele ya kamera akisoma matokeo ya nchi nzima. Huku hakuna Bomas, ule ukumbi wa Nairobi ambako matokeo ya urais wa Kenya husomwa. Kuna FEC, Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, lakini kazi yake kubwa ni fedha za kampeni. Kuna EAC (si Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ni Tume ya Usaidizi wa Uchaguzi), iliyoundwa kwa sheria ya 2002, na kila baada ya uchaguzi wa shirikisho huzitumia ofisi za uchaguzi dodoso refu kuhusu uandikishaji na upigaji kura. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohesabu kura yako. Mshindi unayemsikia usiku ule ametangazwa na vyombo vya habari, Associated Press ikiwa mstari wa mbele, na tangazo hilo kisheria halina uzito wowote. Kura huhesabiwa chini kabisa, kwenye kaunti au mji, kisha hujumlishwa na jimbo. Kwa hiyo unazo sheria 50 na ushee, na kalenda 50 na ushee.

Ofisi ya jimbo kuipata si kazi. Kwingi ni ya Katibu wa Jimbo. New York, North Carolina, Illinois na Wisconsin wana bodi au tume ya uchaguzi badala yake. Louisiana hawana kaunti, wana parokia, na Alaska hupanga matokeo kwa maeneo ya uwakilishi katika bunge lake, si kwa mitaa unayoijua wewe kwenye ramani. Hayo utayaona mwenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipakua takwimu siku ya tatu baada ya uchaguzi, nikachora majedwali yangu vizuri, nikamtumia mkubwa wangu. Wiki mbili baadaye namba zote zilikuwa zimehama. Hapakuwa na njama, yale yalikuwa matokeo ya awali tu. California, kwa mfano, hupokea kura za posta hadi siku saba baada ya uchaguzi mradi zilitumwa kabla siku ya kura haijaisha, na mwaka 2024 kaunti zilikuwa na siku 30 kumaliza ukaguzi, jimbo nalo likawa na hadi Desemba 13 kuthibitisha. Neno la kulitafuta juu ya ukurasa ni “certified”, yaani yamethibitishwa. Ukikuta “unofficial”, yaani si rasmi, funga, rudi baadaye. Kupakua kitu kwa sababu tu kimewekwa kwenye tovuti ya serikali ni kujitafutia kazi mara mbili.

Hatua inayofuata ndiyo ningeifanya kwanza kama ningekuwa na akili: angalia kama unachokiomba hakijawekwa mtandaoni tayari. North Carolina huweka matokeo ya kila kituo na hata historia ya nani alipiga kura (alipiga tu, si alimpigia nani), bure kabisa. Minnesota nayo ina majedwali ya vituo yaliyopangika hadi unatamani kuwaandikia barua ya shukrani. California hutoa kitabu kizima kiitwacho “Statement of Vote”. Na kwa majimbo mengi, maabara ya data za uchaguzi ya chuo kikuu cha MIT imeshakusanya matokeo ya vituo na kuyasafisha. Mimi niliomba kwa barua kitu ambacho kilikuwa mibofyo miwili kutoka hapo nilipokuwa nimekaa. Karani alinijibu kwa kiungo tu, bila neno lolote, na nadhani alikuwa na haki.

Sasa tuje kwenye barua ya maombi, maana hapa ndipo miezi yangu ilipopotelea.

Watu wengi, nami nikiwemo, hukimbilia kutaja FOIA, ile sheria ya shirikisho ya kupata taarifa. Haihusiki. Inazibana ofisi za serikali ya shirikisho tu. Kila jimbo lina sheria yake kwa jina lake, na barua inayotaja sheria isiyo yao inamwambia karani jambo moja: huyu hajui anachoomba, anaweza kusubiri. Tafuta jina la sheria ya jimbo husika, liandike kwenye mstari wa kwanza. Kisha angalia nani anaruhusiwa kuomba. Virginia, Tennessee na Arkansas zimeandika haki hiyo kwa ajili ya raia wa jimbo lao, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi iliyotoka Virginia, ilisema hilo halivunji katiba. Ukiwa nje, tafuta mwenzako anayeishi humo asaini yeye. Mimi nilikataliwa kwa sentensi moja baada ya kusubiri wiki tatu.

Kuhusu siku: usisome sheria kwa matumaini. California inaipa ofisi siku 10, lakini hizo ni za kukujibu kama rekodi unayoitaka itatolewa, na zinaweza kuongezwa. New York ina siku tano za kazi, nazo ni za kukiri tu kwamba barua imefika. Kukujibu ni kitu kimoja, kukupa ni kingine. Ukipigiwa kalenda, jibu kwa adabu ukiuliza tarehe mahususi, na uitunze kila barua pepe.

Kisha uamue unamwandikia nani. Niliandika jimboni, jimbo likanielekeza kaunti, kaunti ikasema rekodi zilishapelekwa jimboni. Danadana hiyo ilichukua siku 26. Nilichojifunza ni kwamba jimbo huwa na jumla za kaunti, na mara nyingi kaunti ndiyo yenye vitabu vya matokeo ya vituo. Lakini hata kaunti inakudanganya kwa jina lake. Ukiandikia Cook County, Illinois, ukidhani umeomba Chicago, utapata vitongoji vya nje. Mji wenyewe una bodi yake ya uchaguzi. Missouri ndivyo hivyo kwa Kansas City, na St. Louis mji na St. Louis kaunti ni watu wawili tofauti. Wisconsin ndiyo kiboko: uchaguzi unaendeshwa na makarani wa miji na vijiji, zaidi ya 1,800, na hata usiku wa uchaguzi jimbo halina ukurasa wake wa kujumlisha.

Dola zangu 54 zilikwenda wapi? Niliomba “nakala ya matokeo kwa kila kituo”. Nakala nikapewa. Karatasi zilizochapishwa, zikapigwa skani zikiwa zimepinda, na nikatozwa kwa kila ukurasa. Kompyuta haikuweza kusoma hata tarakimu moja, nikazinakili kwa mkono siku mbili. Ofisi hiyo siitaji, maana kisheria walinipa nilichoomba. Ningeandika kwamba nataka faili la jedwali kama lilivyo kwenye mfumo wao, csv au Excel, wangenitumia kwa barua pepe. Basi barua yako iseme haya yote, kila moja kwa sentensi yake: uchaguzi gani na tarehe yake, matokeo yaliyothibitishwa, kwa kila “precinct”, yaani kituo (Wisconsin andika “ward”), kura za kila mgombea na pia jumla ya karatasi za kura zilizopigwa, waliojiandikisha kwa kila kituo, faili la jedwali na si picha, na mwisho, ikiwa gharama itazidi kiasi fulani, wakuulize kwanza. Ile sentensi ya mwisho ndiyo niliyoikosa.

Ongeza na swali moja ambalo hakuna aliyeniambia niulize: kura za posta na za mapema zimegawanywa kwa vituo, au zimewekwa fungu moja la kaunti nzima? Kaunti moja iliziweka fungu moja. Kwa muda niliamini kwamba watu wa mtaa fulani wamesusia uchaguzi, kumbe walikuwa wamepiga kura nyumbani na bahasha zao zimelala kwenye mstari mmoja, ukurasa wa mwisho.

Halafu kuna suala la asilimia ya waliojitokeza. Hapa ofisi haikudanganyi, unajidanganya mwenyewe. Asilimia inahitaji namba mbili, na zote mbili zina utata. Ya juu: je, ni karatasi zote zilizopigwa, au jumla ya kura za urais? Kuna watu huacha nafasi ya rais wazi wakachagua wengine, kwa hiyo namba hizo hazilingani. Ya chini ndiyo yenye vurugu. Ukigawanya kwa watu wazima wote, unahesabu pia wasio raia, na wale ambao sheria ya jimbo imewanyima kura kwa sababu ya kifungo. Ukigawanya kwa wenye haki ya kupiga kura, asilimia inapanda. Uchaguzi wa 2020 unatoka kama asilimia 62 kwa kipimo cha kwanza na kama 66 kwa cha pili, kura zikiwa zile zile. Ukigawanya kwa waliojiandikisha, inapanda zaidi, na hapo daftari lenye majina ya waliohama miaka mingi iliyopita linaishusha tena. North Dakota hawana daftari la uandikishaji kabisa, hivyo ukiomba namba hiyo kule utaonekana mtu wa ajabu.

Minnesota huandika waliojiandikisha hadi saa moja asubuhi ya siku ya kura, na safu nyingine ya waliojiandikisha siku hiyo hiyo kituoni, jambo linaloruhusiwa kule. Ukisahau kujumlisha safu hizo mbili, kituo chenye mabweni ya wanafunzi kinaweza kukupa waliojitokeza asilimia 110. Nilipoona namba ya namna hiyo kwenye jedwali langu nilikaribia kuandika kichwa cha habari kuhusu wizi wa kura. Nashukuru nilikula kwanza.

Kama unataka daftari lenyewe, ujue bei haina mantiki. Ohio hulitoa bure mtandaoni, Wisconsin hutoza dola 12,500 kwa daftari zima, na California hukutaka ueleze kazi utakayolifanyia kabla hawajakupa. Na usichelewe: sheria ya shirikisho inazitaka ofisi zitunze rekodi za uchaguzi wa shirikisho kwa miezi 22, na karani mwenye stoo iliyojaa anaihesabu miezi hiyo kwa makini kuliko wewe.

Faili likifika, kabla hujashukuru, jumlisha vituo vyote uone kama vinafika kwenye jumla ya kaunti iliyothibitishwa. Vikipungua, usiandike barua mpya ya maombi, maana utarudi mwisho wa foleni. Piga simu, taja namba ya ombi lako, uliza mstari wa kura za posta uko wapi.