Ukituma CV nje usiandike "OSHA" peke yake

Wadau wa usalama kazini mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na huku kote mnaoomba kazi nje, kwenye CV andikeni jina lote, Occupational Safety and Health Authority, Tanzania, halafu kozi uliyosoma, siku ngapi na mwaka gani. Mimi niliandika OSHA tu, mwajiri wa Dubai akaniomba kadi ya mafunzo ya usalama ya saa 30, kadi ambayo sijawahi kuishika. Kumbe Marekani nao wana OSHA yao iliyotokana na sheria ya 1970, ile A ya mwisho kwao ni Administration, kwetu ni Authority na sheria yetu ni ya 2003, sasa anayesoma CV kule anawaza ya Marekani moja kwa moja, akikosa ile kadi yao anaona umemdanganya na hapo umeshapoteza nafasi bila kosa lolote. Ukiandika kwa kirefu anajua ni mamlaka ya serikali ya nchi yako, na ukiongezea kazi zenyewe, mfano ulikagua mashine za kupasua mbao Mafinga au mashimo ya dhahabu Chunya, anakuelewa haraka zaidi.

Ila haisaidii kama tangazo limetaja cheti kwa jina. Wakisema NEBOSH, yaani cheti cha usalama kazini cha Uingereza, na Uarabuni wanaitaja sana, basi ni NEBOSH tu jamani, anza kuchanga ada ukiwa bado una mshahara wa huku.