Waya umechomekwa, intaneti haipo: anza na taa, Windows baadaye

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wenye kompyuta ya mezani inayotumia waya. Simu zote zinapata intaneti kwenye ruta ileile, kompyuta peke yake ndiyo imegoma.

Wengi wetu hukimbilia kupiga Windows upya. Mimi niliwahi kupoteza usiku mzima hivyo. Asubuhi nikausukuma waya kwa bahati tu nyuma ya mashine, taa ikawaka! Kile kilimi cha plastiki kinachoshikilia kichwa cha waya kilikuwa kimekatika, na kichwa kimerudi nje kidogo tu, kama unene wa kucha. Kwa macho ungeapa kimekaa vizuri.

Hatua ya 1: Taa. Tazama tundu unapoingia waya nyuma ya mashine. Mara nyingi pana taa mbili ndogo pembeni. Zikiwaka, au moja ikiwaka na nyingine ikipepesa, kadi ya mtandao (sehemu ya kompyuta inayopokea waya) na ruta zinaonana, ruka hadi hatua ya 3. Zimezima zote? Endelea na hatua ya 2, na usiguse mpangilio wowote wa Windows kwanza.

Hatua ya 2: Waya. Chomoa pande zote mbili, kisha chomeka mpaka usikie "ka!". Usiposikia, kilimi kimekufa. Jaribu tundu jingine la ruta (si lile lililoandikwa WAN, hilo ni la kuingizia intaneti kutoka nje), halafu jaribu waya mwingine.

Bado giza? Zima mashine, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 15, uwashe tena. Kadi za mtandao nazo huganda. Kisha bonyeza Windows + R, andika `devmgmt.msc`, uitafute kadi ya mtandao. Alama ya njano mara nyingi ni draiva (programu inayoiendesha kadi), kishale cha kushuka ni kwamba kadi imezimwa, iwashe. Draiva unaishusha vipi bila intaneti? Unganisha simu kwa waya wa USB na ugawe intaneti yake.

Hatua ya 3: Anwani, yaani namba ya kompyuta yako kwenye mtandao. Windows + R, andika `cmd`, kisha `ipconfig`. Soma mstari wa IPv4 ulio chini ya Ethernet. Ukianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yake yenyewe. Andika `ipconfig /release`, kisha `ipconfig /renew`. Ikigoma, zima ruta nusu dakika, uiwashe na kurudia. Ukiona 192.168 au 10 mwanzoni, anwani ipo. Ila kama kuna mtu aliwahi kuiandika kwa mkono, fungua `ncpa.cpl` uirudishe ijipatie yenyewe.

Hatua ya 4: Ping, yaani kuuliza kama upande wa pili unajibu. Palepale kwenye cmd, kwa mpangilio huu, usiruke:

`ping` na namba iliyo kwenye Default Gateway (ndiyo ruta yako, iko kwenye majibu ya `ipconfig`). Haijibu? Shida iko kati yako na ruta.
`ping 8.8.8.8`. Gateway inajibu ila hii haijibu, na simu ziko sawa? Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kama unayo, kisha angalia kama ruta imeizuia mashine yako.
`ping google.com`. Hii pekee ikigoma, ni DNS, yaani kile kinachogeuza majina kuwa namba. Andika `ipconfig /flushdns`, na ikibidi weka DNS ya 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Zote zinajibu ila kurasa hazifunguki? Kagua antivairasi na proksi (mpangilio unaopitisha kurasa kwenye seva ya kati).

Mwisho kabisa, fungua cmd kama msimamizi, andika `netsh winsock reset` na `netsh int ip reset`, uwashe mashine upya. Hiyo ya pili hufuta anwani za mkono, kwa hiyo ziandike pembeni kwanza.

MASWALI

*Mkuu, yangu inashika, ila spidi haivuki Mbps 95. Wi-Fi inafika 300.*
Waya huo. Mbps 100 hutumia nyuzi 4, gigabiti inataka zote 8. Uzi mmoja kati ya zile 4 za ziada ukikatika, kadi na ruta zinashuka hadi 100 kimyakimya. Weka waya mzima wa daraja la Cat5e.

*Inakatika kila nikiiacha dakika kadhaa.*
`devmgmt.msc`, fungua kadi, nenda Power Management, ondoa tiki inayoruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme.

*Nimefuata yote, taa haziwaki, na waya huohuo kwenye laptop unafanya kazi.*
Pole mkuu, tundu la mashine limekufa. Usibadilishe ubao mkuu wa kompyuta (motherboard), kadi ya mtandao ya USB inatosha.

*Kilimi kikivunjika ni lazima ninunue waya mpya?*
Hapana. Kata kichwa, bana kipya cha RJ45 kwa koleo lake. Kilimi kikiwa upande wa chini, panga kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kabla ya kubana, hakikisha nyuzi zote 8 zimegusa mwisho wa kichwa. Mimi cha kwanza nilikiharibu hapo.