Somo: Kusoma majarida ya abonema kwenye ordinateri, hata mtandao ukikatika

Jambo wote. Wiki hii watu wanne wameniuliza kitu kimoja: «Mwalimu, nimelipa abonema ya jarida, sasa jarida lenyewe liko wapi?» Mmoja alinishika mlangoni pa kanisa, mwingine alinipigia saa tano ya usiku. Nikieleza kwa mdomo nasahau hiki au kile, basi naandika yote hapa. Atakayeniuliza tena nitamtuma kwenye somo hili.

Nafundisha jiografia hapa Lubumbashi. Ramani mpya, habari za shaba na kobalti, picha za mito na misitu ambazo vitabu vya shule havina, vyote hivyo navipata kwenye majarida. Ndiyo maana nalishika jambo hili kwa nguvu.

Hatua ya 1. Jua unanunua nini. Kuna jarida linalouza abonema yake lenyewe, na kuna kioski kinachokusanya majarida mengi. Le Monde diplomatique, kwa mfano, hutoka mara moja kwa mwezi, na mwenye abonema ya dijitali hupakua toleo zima kwa PDF au EPUB, aina mbili za faili. Jeune Afrique, lililozaliwa Tunis mwaka 1960, lilikuwa la kila wiki. Tangu 2020 ni la kila mwezi, kwa hiyo usilipe ukitegemea matoleo 52. PressReader ni kioski: unalipa kwa mwezi, unafunguliwa maelfu ya magazeti na majarida, ila unayasomea ndani ya tovuti yao au programu yao. Zinio huuza jarida moja moja, kwa toleo au kwa mwaka.

Hatua ya 2. Fungua akaunti. Kwenye orodha ya nchi kuna Kongo mbili. Yetu ni RDC, namba ya simu +243. Ile ya +242 ni ya Brazzaville. Ukikosea hapo, ujumbe wa kuthibitisha hautakufikia. Fomu ikilazimisha namba ya posta («code postal»), mimi huandika 00000 na hupita.

Hatua ya 3. Lipa. Tumia karta ya Visa ya kujazwa pesa kabla, uweke kiasi kinachohitajika tu. Kisha tafuta maneno «renouvellement automatique» na uyazime siku hiyo hiyo kama hutaki kukatwa tena.

Hatua ya 4. Ingia kwenye tovuti kwa ordinateri, kwa imeili ile ile uliyolipia.

Hatua ya 5. Pakua. Soma hapa polepole. Mwaka fulani nilitumwa Kolwezi wiki mbili. Ni kama kilomita 300 kutoka hapa. Jioni ya kuondoka nilifungua makala saba za jarida moja, kila moja kwenye ukurasa wake wa kivinjari, nikafunga mfuniko wa ordinateri nikijua nimebeba somo langu lote. Nilipoufungua kule, bila mtandao, kurasa zote zilijaribu kujipakia upya na zikabaki nyeupe. Wanafunzi 46 walikuwa mbele yangu. Nilifundisha kwa kichwa, bila ramani hata moja, na siku ile bado inaniuma.

Kufungua makala si kuihifadhi. Kivinjari kinashika ukurasa kwa muda tu, na kikihitaji nafasi kinauachia. Kwa hiyo:

Tafuta neno «Télécharger» au mshale unaoelekea chini, na usiondoke mpaka faili iko ndani ya folda yako. Halafu zima Wi-Fi kabisa, funga kivinjari, nenda kwenye folda na ulifungue jarida. Likifunguka mpaka ukurasa wa mwisho, umelipata. Lisipofunguka, hujapakua chochote, hata kama umelisoma nusu.

Onyo la pili: kupakua ndani ya programu ya kioski si sawa na kuwa na PDF. Toleo lililo ndani ya programu limefungwa na abonema yako. Mimi yangu iliisha tarehe 31. Tarehe 1 asubuhi matoleo niliyokuwa nayo kwenye programu hayakufunguka tena. PDF nilizopakua kutoka kwa majarida yenyewe ninazo mpaka leo.

Onyo la tatu: pima mega zako. PDF ya jarida lenye picha nyingi, kwa zile nilizo nazo, huwa kati ya mega 20 na 80. EPUB ya toleo hilo hilo huwa nyepesi zaidi.

Hatua ya 6. Soma. Kwa PDF natumia SumatraPDF kwenye Windows; ni programu ndogo, ya bure, haisumbui ordinateri ya zamani. F11 inajaza skrini, Ctrl na F inatafuta neno. Kwa EPUB natumia Calibre, ya bure pia.

MASWALI

Kijana wa Kampemba: Mwalimu haifunguki

Jibu: Nini haifunguki? Tovuti, faili au programu? Andika jina la faili na maneno unayoyaona kwenye skrini.

Kijana wa Kampemba: faili. nimejaribu yote

Jibu: Jina la faili, tafadhali. Herufi za mwisho baada ya nukta.

Kijana wa Kampemba: .acsm, kilobaiti 2

Jibu: Sasa tumeelewana. Hilo si jarida, ni tikiti ya kulichukulia. Weka programu ya Adobe Digital Editions, ingia kwa akaunti ya Adobe, halafu fungua hiyo .acsm ndani yake ukiwa na mtandao. Programu ndiyo italileta jarida lenyewe.

Ruashi 7: Si utupe tu imeili yako na neno la siri tusome wote? Maarifa ni ya wote.

Jibu: Hapana. Nalipa kwa mshahara wa mwalimu, na akaunti ikifungwa ni darasa langu linalokosa. Ukitaka kusoma bila abonema yako mwenyewe, uliza Halle de l'Étoile, kwenye Institut français hapa mjini. Taasisi hiyo ina maktaba ya dijitali inayoitwa Culturethèque, na ndani yake kuna magazeti na majarida. Nenda uulize masharti ya kuwa mwanachama.

Ruashi 7: Nimeuliza tu.

Jibu: Na nimekujibu, ndugu. Nenda kweli, utafaidika.

Dada wa Likasi: Aksanti kwa somo, Yaya. Makala moja nzuri iko kwenye tovuti tu, haina kibonye cha kupakua. Ninayo abonema halali. Nifanyeje nibaki nayo?

Jibu: Swali zuri, mdogo wangu. Bonyeza Ctrl na P, kana kwamba unataka kuchapisha. Mahali pa kuchagua mashine ya kuchapisha, chagua «Enregistrer au format PDF». Kabla ya hapo shuka mpaka mwisho wa makala, kwa sababu tovuti nyingi hazileti picha mpaka uzifikie. Ukiharakisha utapata masanduku matupu. Iweke kwa matumizi yako, usiisambaze. Tena ipe jina linaloanza na mwaka na mwezi, mfano 2024-05, ndipo jina la jarida. Folda itajipanga yenyewe. Mimi nilianza kufanya hivyo nikiwa tayari na faili zaidi ya mia zenye majina ya ovyo, na kuzipanga kulinila likizo nzima.

Mama wa Katuba: Walinikata pesa mwezi wa pili na mimi nilitaka mmoja tu!

Jibu: Pole, Mama. Hatua ya 3. Zima sasa hivi, kisha waandikie siku hii hii, kwa adabu, uweke tarehe na kiasi. Mimi nimewahi kurudishiwa kwa njia hiyo, mara moja. Mara ya pili walikataa.

Mzee wa Reli: Mwalimu, mimi nina miaka 71, macho yamechoka. Nikikuza PDF, mistari inatoka nje ya skrini, nasukuma kushoto na kulia mpaka napoteza sentensi. Mjukuu anasema EPUB ni bora. Tofauti ni nini hasa?

Jibu: Papa, mjukuu wako amesema kweli. PDF ni picha kamili ya ukurasa wa karatasi: kila neno limepigiliwa mahali pake, ukikuza unakuza karatasi nzima. EPUB ni maandishi yanayotiririka: ukikuza herufi, mistari inajipanga upya kulingana na skrini yako. Kwa macho yako chukua EPUB, uifungue kwa Calibre, ubonyeze Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka uridhike. Hasara yake ni ramani na majedwali, ambayo huwa madogo au huhama mahali pake. Kwa hayo weka PDF pembeni. Na kama toleo liko kwa PDF peke yake, lifungue kwa Microsoft Edge, uchague «Lecture à voix haute», itakusomea. Sauti zilizo nzuri zaidi zinahitaji mtandao.

Mzee wa Reli: Imesoma! Mama wa nyumba ametoka jikoni akidhani nimepata mgeni. Sasa jambo moja: ramani iliyokaa kwenye kurasa mbili, naiona nusu nusu.

Jibu: Nimefurahi sana, Papa. Kwa ramani ifungue PDF kwa SumatraPDF na ubonyeze Ctrl na 8. Jalada litakaa peke yake, na kurasa nyingine zitakaa mbili mbili kama jarida lililofunguliwa mezani. Ukibonyeza Ctrl na 7 badala ya 8, jalada litachukua nafasi ya ukurasa wa kushoto na ramani zote zitakatika katikati. Ctrl na 6 inakurudisha kwenye ukurasa mmoja.