Gia iliyopasuka kwenye kichwa cha treni ya mfano

Kichwa cha treni cha zamani kikigonga mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko, usikimbilie mota. Tazama gia ya plastiki kwenye ekseli (mhimili unaounganisha magurudumu): husinyaa kwa umri, hupasuka kati ya meno mawili, na ufa ukipanuka meno hayaingiani tena. Supaglu haisaidii, plastiki ya gia kama nailoni haishiki gundi vizuri, na mkazo ulioipasua bado upo. Weka mpya: hesabu meno, pima kipenyo cha nje na cha tundu kwa kalipa (kipimio chenye taya). Kabla ya kung'oa magurudumu pima nafasi kati ya migongo yake, yaani nyuso za ndani zinazotazamana (hili husahaulika sana!), uirudishe ileile. Isukume gia mpya kwenye ekseli kwa jiliwa (kibanio cha mezani), taratibu, isikae upande. Nyundo hupinda ekseli. Tundu likibana mno litanue kidogo, la sivyo nayo itapasuka.