Somo: Kupiga jazi huru wawili tu, saksafoni na dramu

Wengi wetu tumekulia kwenye muziki wa dansi, ambako besi na magitaa vinakubeba hata ukikosea. Ukiviondoa vyote, ukabaki na saksafoni na dramu peke yake, mpulizaji hutapatapa kidogo kisha hukimbilia nyimbo anazozijua. Somo hili la jazi huru, yaani jazi inayobuniwa papo hapo bila wimbo wala hesabu iliyopangwa, ni la wanaotaka kubaki humo humo, wawili tu.

Hatua ya 1: Sikilizeni kwanza, pamoja. Anzeni na albamu *Interstellar Space* ya John Coltrane (saksafoni) na Rashied Ali (dramu), iliyorekodiwa New Jersey Februari 1967, miezi michache kabla ya kifo cha Coltrane. Msibabaishwe na kasi. Sikilizeni Coltrane anavyoruka kutoka sauti za chini kabisa hadi za juu na kurudi, anauliza na kujijibu mwenyewe. Nafasi ya besi iko wazi, naye anaijaza. Ali hamhesabii, mdundo wake unakwenda pande zote kwa pamoja, hivyo Coltrane anaingia popote anapotaka.

Kisha wekeni albamu *Back Together Again* (2004) ya Fred Anderson (saksafoni) na Hamid Drake (dramu) wa Chicago. Kwangu mimi hii ndiyo shule kubwa zaidi. Drake alianza kupiga na Anderson akiwa kijana, miaka ya 1970. Humo mdundo mnaweza hata kuuchezea, na kuna mahali Drake anaacha vijiti, anachukua ngoma ya mkononi na kuipiga kwa vidole. Anayedhani jazi huru ni kelele zisizo na mdundo asikilize hapo.

Hatua ya 2: Kaeni mkitazamana, bila vipaza sauti. Dramu ikimfunika mpulizaji, asilazimishe pumzi. Mpiga dramu apunguze matoazi kwanza, maana hayo ndiyo yanayomeza sauti za juu za saksafoni, au ashike brashi. Pia ayaangalie mabega ya mwenzake: yakipanda, pumzi inavutwa na sentensi mpya ya muziki inakuja. Mkizoeana mtaacha kuangalia, mtaisikia.

Hatua ya 3: Zoezi la kutoigana. Mpulizaji achague noti tatu tu. Mpiga dramu asirudie alichosikia. Aweke kitu kingine pembeni yake. Baada ya dakika tatu, dramu iongoze. Halafu mmoja apige peke yake dakika nzima huku mwenzake ametulia kabisa. Hapa ndipo wengi hushindwa, mikono inawasha! Vumilieni. Kumwachia mwenzako nafasi ndilo jambo linalochukua miaka.

Hatua ya 4: Rekodini kwa simu, msikilize kesho yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, bila kuhesabu tutajuaje tumefika mwisho?*
Mkianza kutafuta cha kuongeza, mmeshafika. Mnaweza pia kukubaliana ishara. Coltrane alitumia kengele ndogo kufungua vipande vyake, nanyi tumieni chochote.

*Shikamoo mwalimu. Ni lazima nijue kupuliza bila kukata pumzi kama mpiga saksafoni Evan Parker?*
Marahaba. Si lazima. Ukikata pumzi unampa mpiga dramu mlango wa kuingilia. Jifunze baadaye ukitaka.

*Kaka, mimi na mwenzangu tumepiga pamoja miaka mingi na sasa tunarudia yale yale. Tuachane?*
Msiachane, ndugu yangu. Parker na mpiga dramu Paul Lytton walianza kupiga wawili mwaka 1969, na 2019 walikuwa bado wanarekodi pamoja. Badilisheni mahali na vifaa. Mwaka 1977 mpulizaji Peter Brötzmann na mpiga dramu Han Bennink waliingia msitu wa Schwarzwald, Ujerumani, wakarekodi huko huko, Bennink akipiga miti na maji badala ya seti yake ya dramu. Nyie anzeni kwa kuacha vijiti nyumbani wiki hii, na mpulizaji aje na filimbi.